Maswali ya Wasomaji: Trekta Ndogo za Bustani za Zamani na Zana Zake

SWALI: Salamu nyingi, Baba. Nimehamia nyumba yenye kiwanja cha karibu ekari moja na nusu. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani, anataka kuniuzia trekta yake ya Cub Cadet ya miaka ya 1960. Rangi imechakaa na kiti kimepasuka, lakini ghalani mwake mna plau, bamba la kusukumia theluji na vyuma vingine vingi ambavyo mwenyewe hakumbuki tena vilifungwa wapi. Mtu mwingine ananiuzia John Deere 110 iliyopakwa rangi upya, inang'aa kama imetoka kiwandani jana, ila ina sinia la kukatia nyasi tu, lile bamba lenye visu linalofungwa chini ya tumbo la trekta. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

JIBU: Salamu zimefika, mwanangu. Chukua ile ya jirani, na usiondoke ghalani kwake kabla hujahakikisha kwamba kila chuma kilichokuwa cha trekta ile kimepakiwa garini. Sisemi hivyo kwa kuidharau John Deere 110. Ni mashine nzuri iliyoanza kutengenezwa Horicon, Wisconsin, mwaka 1963, na ule mfumo wake wa mkanda na puli unaomruhusu dereva kuongeza au kupunguza mwendo bila kubadili gia ulikuwa wa maarifa makubwa kwa wakati wake. Lakini trekta ya aina hii isiyo na zana zake ni mpini usio na jembe. Rangi unaweza kuipaka mwenyewe wakati wowote, ilhali zana zikishatengana na trekta yake huenda usizipate tena.

Zikumbuke nyumba ambazo trekta hizi zilitengenezewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, familia nyingi za Marekani ziliacha kukaa katikati ya miji na kwenda kuishi pembezoni. Mitaa mipya kama Levittown ya New York, iliyoanza kujengwa mwaka 1947, ilikuwa na viwanja vidogo ambavyo mashine ya kusukuma kwa mkono ilivimudu. Waliokwenda mbali zaidi walipata ekari moja, mbili, pengine tano, na walitaka bustani ya mboga, njia ndefu ya gari na uwanja wa nyasi kwa pamoja. Eneo la namna hiyo ni kubwa mno kwa mashine ya kusukuma, na ni dogo mno kwa trekta ya shamba. Cecil Pond wa South Bend, Indiana, alianza mwaka 1946 biashara iliyokuja kujulikana kwa jina la Wheel Horse. International Harvester, ambao tangu mwaka 1947 walikuwa wakiuza trekta ndogo ya shamba iitwayo Farmall Cub, walileta Cub Cadet mwaka 1960 ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7, na waliitengeneza hapo hapo mjini kwako Louisville. Kule Port Washington, Wisconsin, mji usio mkubwa, walikuwapo Simplicity na Bolens, washindani wawili waliotazamana.

Watengenezaji hao wote hawakujiona kuwa wanauza mashine za kukata nyasi. Waliuza kitu cha kubeba zana, na zana hizo zilikuwa nyingi: plau, haro ya sahani, zana ya palizi, mashine ya kutifua udongo, mashine ya kurusha theluji, bamba la kusukumia, brashi ya kufagilia, tela. Kila chapa, na mara nyingi kila kundi la miaka ndani ya chapa moja, lilikuwa na namna yake ya kuzifunga. Cub Cadet za fremu nyembamba hazipokei bila kurekebishwa zana za zile za fremu pana, ingawa jina ubavuni ni lile lile. Kwa sababu hiyo, vile vyuma ambavyo jirani yako havikumbuki ndivyo ninavyovitamani zaidi kuliko injini yenyewe. Utakuta kijifremu chenye puli mbili kinachougeuza mkanda kutoka kwenye klachi ya mbele ya injini, ambako mkanda unazunguka wima, hadi kwenye sinia la nyasi, ambako unazunguka kwa ulalo. Kwa macho ya mtu asiyejua ni chuma chakavu, na wengi wamekitupa. Bila hicho, sinia zima halina kazi. Niliwahi kununua mashine ya kurusha theluji kwa muuzaji aliyeniapia kwamba imekamilika, nikafika nyumbani na kukuta fremu ya kuishikia mbele ya trekta haipo. Niliitafuta majira mawili ya baridi.

Kabla ya kulipa, kagua mambo machache. Tazama oili ya giaboksi: oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Shika usukani na uutikise, kisha shika magurudumu ya mbele na uyatikise. Mchezo mdogo ni wa kawaida kwa umri ule, lakini gurudumu linaloyumba waziwazi linadai beringi au kazi ya mchomeleaji. Soma kibati cha injini. Kohler walizipa injini zao za chuma cha kusubu namba zinazosomeka: tarakimu mbili za mwanzo hukadiria ujazo kwa inchi za ujazo, na ya mwisho ni idadi ya silinda, kwa hiyo K161 ni injini ya inchi za ujazo zipatazo 16 na silinda moja, na K301, ile ya nguvu za farasi 12, inakaribia 30. Ukija kukutana na K241 au kubwa zaidi, muulize muuzaji iwapo zile gia ndogo za kupunguza mtetemo zilizofungwa ndani ya baadhi ya injini hizo zimeondolewa. Mafundi wengi huziondoa wanapofungua injini, kwa kuwa zikivunjika hupasua bloku, na injini hufanya kazi bila hizo kwa kutetemeka zaidi kidogo tu.

Jambo la mwisho: mwombe huyo mzee akae nawe saa moja, mfunge na kufungua kila zana pamoja. Piga picha kila hatua. Hayo anayoyajua kwa mikono yake hutayapata katika kitabu cha maelekezo.

SWALI: Ndugu Mjibu, nimeona kwenye maonyesho trekta ya John Deere nyeupe yenye boneti na kiti vya rangi ya chungwa. Mwenye nayo anasema ni rangi ya kiwandani. Nilidhani John Deere ni kijani na manjano tu. Je, ananidanganya? (Msomaji, Minneapolis, Minnesota)

JIBU: Hakudanganyi, ndugu yangu. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1971 John Deere waliwapa wanunuzi wa trekta zao za bustani uhuru wa kuchagua rangi. Mwili wa trekta ulikuwa mweupe, na boneti na kiti vilikuja kwa manjano, nyekundu, chungwa au buluu. Wanunuzi wengi waliendelea kutaka kijani walichokizoea, na hivyo mpango ukaachwa. Kwa sababu zilikuwa chache, leo wapo wanaozigeuza za kijani ziwe za rangi, kwa hiyo kagua sehemu ambazo fundi wa rangi hafiki kwa urahisi, kama vile chini ya boneti na nyuma ya kibati cha namba. Kijani kikichungulia hapo, umepata jibu lako.

SWALI: Nina Wheel Horse ya nguvu za farasi 12 na plau ya Brinly ya inchi 10. Nikifungua shamba, mfereji wa kwanza hutoka vizuri. Kuanzia wa pili plau inaruka juu au inalala ubavu, udongo unang'ang'ania kwenye chuma badala ya kupinduka, na gurudumu la nyuma linazunguka bila kusonga. Nimeongeza uzito mpaka nimechoka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Des Moines, Iowa)

JIBU: Swali lako limenifurahisha kuliko yote ya mwezi huu, kwa sababu kosa haliko kwenye trekta wala kwenye plau. Brinly wametengeneza plau tangu mwaka 1839, walipoanzia Kentucky, na hiyo ya inchi 10 ya kufunga nyuma ya trekta za bustani imelima kwenye maelfu ya viwanja. Kosa liko katika pembe.

Katika mfereji wa kwanza magurudumu yote manne yako juu ya ardhi tambarare, na plau uliyoifunga wima inasimama wima. Unapoanza wa pili, magurudumu ya kulia yanashuka ndani ya mfereji uliokwisha kuufungua, inchi tano au sita chini ya yale ya kushoto, na trekta nzima inainama. Plau inainama pamoja nayo. Ncha haiingii tena sawasawa, ubavu wa plau unaopaswa kuegemea ukuta wa ardhi isiyolimwa unaachana nao, na udongo unasukumwa badala ya kupinduliwa. Hapo ndipo gurudumu linapoanza kuteleza, na wengi hudhani wamekosa uzito. Unapaswa kuilegeza bolti ya kurekebishia mwinamo kwenye kishikio cha plau na kuipindua plau kuelekea upande mwingine, ili trekta ikiwa imeinama, plau isimame wima.

Usihangaike kufanya hivyo shambani kwa kubahatisha. Iegeshe trekta juu ya sakafu ya zege na upandishe magurudumu yote mawili ya kushoto juu ya vipande vya mbao vyenye kimo sawa na kina unachotaka kulima. Plau ya inchi 10 hulima vyema kwa kina cha nusu ya upana wake, kwa hiyo mbao za inchi tano zinatosha. Sasa trekta imekaa kama itakavyokaa ndani ya mfereji, na sakafu ndiyo chini ya mfereji wenyewe. Ishushe plau mpaka iguse sakafu. Makali yake yanapaswa kulala sawasawa upande hadi upande. Ukitazama kwa ubavu, ncha na kisigino viguse sakafu, na ncha iwe imeelekea chini kwa kiasi kidogo sana ili plau ijivute yenyewe ardhini. Ikishakaa hivyo, kaza bolti zote. Kwa ule mfereji wa kwanza tu utalazimika kuilegeza na kuirudisha, au kuvumilia mfereji wa kwanza usiopendeza, kama wafanyavyo wengi.

Tazama pia tairi zako. Mfereji wa plau yako una upana wa inchi 10. Tairi yenye maandishi 23x8.50-12 ina upana wa inchi nane na nusu na inapita ndani ya mfereji bila kusumbua. Ile ya 23x10.50-12, ambayo wengi huipenda kwa sababu inaonekana ya nguvu, ni pana kuliko mfereji wenyewe, kwa hiyo hupanda ukuta na kuivuta trekta nje ya mstari. Kama tairi zako ni pana, hilo ni tatizo la pili lililojificha nyuma ya la kwanza. Tairi za meno makubwa ya shambani hushika ardhi vizuri kuliko za nyasi, na ukizifunga, mishale ya meno itazame mbele ukiitazama tairi kwa juu ukiwa nyuma ya trekta. Usizijaze upepo mwingi mno, kwa kuwa tairi iliyo laini kidogo hukanyaga eneo kubwa zaidi. Uzito wa chuma ndani ya rimu, kilo 20 hivi kila upande, unafaa. Zaidi ya hapo unaitesa ekseli kwa faida ndogo. Wapo wanaojaza maji ya chumvi ya kalisi ndani ya tairi ili yasigande wakati wa baridi. Yanaongeza uzito kweli, lakini tyubu ikivuja hula rimu kimyakimya, na rimu za umri huo si za kuchezea.

Kuhusu udongo kung'ang'ania: bawa la plau, yaani lile bamba lililopinda linalougeuza udongo, likiota kutu haliwezi kuupindua, hata likifungwa kwa pembe gani. Lisugue kwa msasa mpaka ling'ae kama kioo, na kila unapomaliza kulima lipake grisi kabla ya kuliweka ghalani. Kama ardhi yako ina nyasi nyingi, funga mbele ya plau ile sahani ya kukatia, ambayo hupasua mizizi kabla plau haijafika. Pima unyevu kwa kufinyanga udongo kiganjani: ukibaki donge linalonata, subiri siku mbili; ukisambaratika kwa kuguswa, ingia shambani. Endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kwa kuwa polepole mno udongo hupanda tu na kurudi ulikotoka.

Katika majimbo ya Magharibi ya Kati, wapenzi wa trekta hizi hukutana majira ya kuchipua na ya vuli kulima pamoja shamba la mmoja wao, kila mtu na trekta yake ndogo. Uliza wauza spea wa eneo lako wakuelekeze. Ukimfuata kwa miguu mzee mmoja anayejua, ukaitazama plau yake inavyokaa ndani ya mfereji, utaelewa kwa dakika tano kile ambacho mimi nimetumia aya nzima kukieleza.

SWALI: Nimefungua dainamo ya Cub Cadet yangu ya mwaka 1967, nikabadilisha brashi na beringi, nikairudisha. Inawasha injini vizuri kabisa, lakini tangu hapo haichaji betri. Je, nimeiharibu? (Msomaji, Dayton, Ohio)

JIBU: Huenda hujaiharibu. Chombo hicho cha Delco-Remy ni stata na dainamo kwa mwili mmoja: kinaizungusha injini kwa mkanda, na injini ikishawaka, mkanda ule ule unakizungusha chenyewe kichaji betri. Ili kichaji, lazima chuma chake cha ndani kibaki na sumaku kidogo yenye mwelekeo sahihi, na sumaku hiyo hupotea au kugeuka pale nyaya zinapofunguliwa. Irudishe hivi: injini ikiwa imezimwa na nyaya zote zimefungwa mahali pake, chukua kipande cha waya na uguse kwa kufumba na kufumbua sehemu iliyoandikwa BAT na ile iliyoandikwa GEN kwenye regulata, kile kiboksi kinachodhibiti chaji ya betri. Utaona cheche ndogo, na kazi imekwisha. Usiguse kabisa ile iliyoandikwa F, utaunguza regulata. Kama bado haichaji, kaza mkanda kabla ya kununua kitu chochote, kwa maana mkanda uliolegea huteleza pale tu dainamo inapoanza kubeba mzigo.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimepata hapa Ohio trekta ya Case 446 yenye mashine ya kutifua udongo, plau na haro, vyote kwa bei ndogo. Nyumbani Njombe tuna ekari tatu, na baba bado analima kwa jembe la mkono. Ndugu kadhaa tunapakia kontena mwezi ujao. Nimfungie trekta hii? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na Mungu akubariki kwa kumkumbuka mzee. Nimelifikiria swali lako siku kadhaa, kwa sababu nazipenda mno trekta za Case. Kampuni ya Case iliinunua Colt mwaka 1964, na pamoja nayo ikapata mfumo unaoiendesha trekta kwa nguvu ya oili: pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, mota inazungusha magurudumu, na oili hiyo hiyo inaweza kuinua zana na hata kuzungusha mashine yako ya kutifulia. Klachi ya kuungua haipo, wala hakuna mkanda wa kuendeshea magurudumu. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba usimpelekee.

Njombe iko juu sana, mita zipatazo 1,900 kutoka usawa wa bahari. Injini ya petroli ya kabureta hupoteza takriban asilimia tatu na nusu ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo huko kwenu injini hiyo itafanya kazi ikiwa imepungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ardhi ambayo imelimwa kwa jembe la mkono miaka mingi ina tabaka gumu chini ya kina cha jembe, na trekta iliyotengenezwa kwa bustani iliyokwisha kutifuliwa italihangaikia tabaka hilo. Tumbo lake liko karibu na ardhi, na matuta yatalikwaza.

Hayo yote baba yako angeweza kuyavumilia. Linaloniogopesha ni siku ambayo sili ya pampu itapasuka katikati ya msimu, mvua zimeanza, na spea iko Marekani. Zana za trekta za kawaida zinazouzwa nyumbani ni kubwa na hazifungiki kwenye trekta hii, kwa hiyo hata plau ikivunjika hawezi kuazima kwa jirani. Pawatila, kwa upande mwingine, ziliingia Tanzania kwa wingi baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009. Zinatumia dizeli, magurudumu yake ni mawili, na mafundi wanaozijua wapo. Fedha ya nafasi ndani ya kontena na ushuru iongeze kwenye bei ya pawatila nzuri iliyoko nyumbani, pamoja na plau na tela lake. Mzee atalima asubuhi, na jioni atabebea mazao.

Na hiyo Case usiiache. Kama una mahali pa kuiweka hapo Columbus, inunue pamoja na zana zake zote kabla hajatokea mtu wa kuzitenganisha. Ukiiendesha, isukume ile fimbo ya mwendo moja kwa moja hadi mwisho na urekebishe kasi kwa kubadili gia. Ukiiacha katikati kwa muda mrefu, oili hupata moto bure.

SWALI: Ndugu Mhariri, mume wangu alifariki mwaka jana na kuacha gereji imejaa. Kuna trekta moja iliyoandikwa Sears, na neno Suburban ubavuni. Haijawashwa miaka minne. Kuna pia vyuma vingi vya kufunga nyuma na mbele. Mtu mmoja alikuja akataka kununua injini na tairi tu. Watoto wangu, wa miaka 13 na 15, wanataka kuiwasha wenyewe. Nifanye nini? (Mama msomaji, Indianapolis, Indiana)

JIBU: Mama yetu, pole sana kwa msiba. Mungu amrehemu marehemu. Nakuomba mambo mawili: usimuuzie yule mtu injini na tairi, na usiruhusu watoto waiwashe kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Jina hilo la Suburban lina maana ya nyumba za pembezoni mwa mji, na linaeleza vizuri trekta yenyewe. Sears hawakuitengeneza, waliiagiza. Chini ya kiti au nyuma, tafuta kibati chenye namba ndefu iliyogawanywa kwa nukta. Tarakimu tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji, na zikiwa 917 ni Roper, waliorithi kiwanda cha David Bradley kilichotengeneza zana za Sears kwa miaka mingi. Injini ina namba yake. Ikianza na 143 ni Tecumseh. Kwa namba hizo mbili fundi yeyote au muuza spea ataweza kukusaidia, ilhali bila hizo hata mimi ningebahatisha.

Kwa kuwa imelala miaka minne, isiwashwe kwa ghafla. Petroli ya Marekani nyingi huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo huvuta unyevu, huoza na kuziba kabureta, kwa hiyo iliyomo ndani ya tangi imwagwe yote na kabureta isafishwe. Ifunguliwe plagi, vitiwe vijiko viwili vya oili ndani ya silinda, na injini izungushwe kwa mkono mpaka ihakikishwe kuwa haijashikana. Kisha, na hili wengi hulisahau, kifunguliwe kile kifuniko cha bati kinachoelekeza upepo kwenye injini. Panya hupenda kujenga humo. Injini hizi hupozwa kwa upepo peke yake, na kiota kimoja kinatosha kuiunguza ndani ya nusu saa, hata kama ilikuwa imara kabisa.

Trekta za wakati huo nyingi hazizimiki dereva akishuka kitini, na visu vya nyasi vinaendelea kuzunguka. Mwanao wa miaka 15 anaweza kujifunza akiwa na mtu mzima pembeni, kwanza pasipo sinia la nyasi, na kamwe si kwenye mteremko kwa kukatisha. Wa miaka 13 na asaidie kusafisha na kupiga picha, kwani kazi hiyo ni kubwa na inahitajika.

Sasa vile vyuma. Vitoeni vyote nje siku yenye jua, vipangeni juu ya nyasi, na kila kimoja kifungiwe karatasi yenye namba iliyogongwa juu yake, kama ipo. Vipini, bolti na vijifremu vidogo viwekwe kwenye ndoo moja na visitenganishwe na chuma vilichokuwa karibu nacho, maana marehemu huenda aliviweka pale kwa makusudi. Ukiamua kuuza, uza vyote kwa pamoja kwa mtu atakayeitumia. Wapo wengi wanaoitafuta Suburban iliyo kamili, na watalipa zaidi ya yule aliyetaka tairi. Ukiamua kubaki nayo, nitumie kupitia ofisi ya gazeti picha za vile vibati viwili na za vyuma mlivyovipanga, na katika toleo lijalo nitakueleza kila kimoja kinafungwa wapi.